Kinyago Namba Kumi na Moja

4 Juni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa miwani, na mara ya tatu nimeisoma nimesimama, maana nikisoma habari tamu nimekaa huwa nasinzia nikakubali kila kitu.

Unasema hapo makumbusho unapofanya kazi wanafungua ukumbi wa wanawake wa kwanza. Wa kwanza kurusha ndege, wa kwanza kupasua wagonjwa, wa kwanza kukalia kiti cha jaji, wa kwanza kupima ardhi na kuchora ramani. Katikati ya mabibi wakubwa hao wanataka kunitundika mimi niliyeishia darasa la nne, eti ndiye mwanamke wa kwanza kuchomelea vyuma katika nchi nzima. Picha yangu ukutani, na kibao cha shaba chenye jina langu kwenye lile tangi kubwa la maji.

Haya. Sasa nijibu. Nani kawaambia?

Lile tangi limesimama miaka hamsini na moja. Watu wamekunywa maji yake, wameoga, wamefulia, na hakuna hata mmoja aliyegonga mlango wangu akasema ahsante bibi, halivuji. Leo ghafla nimekuwa mtu? Mimi nikikumbukwa ghafla hushika mkoba wangu.

Swali la pili. Umekwenda kwa dada wa babu yako? Usinizungushe. Najua anakaa vituo viwili tu vya basi kutoka chumba ulichopanga. Najua pia una damu ya babu yako, na damu hiyo haijui kupita mlango wa mtu bila kuingia kunywa chai. Kama wifi yangu huyo ndiye aliyekutuma, sema mapema, nijue ninaandikiana na nani.

Usinipigie simu. Kwenye simu nikikohoa mimi, jirani ndiye anayenipa pole. Andika. Karatasi nikishamalizana nayo naitia motoni.

Ni mimi bibi yako, akili zangu zote ninazo.

9 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti.

Hakuna aliyenituma. Idara ya maji walikuwa wanabomoa stoo yao ya zamani, wakakuta sanduku la chuma la nyapara wenu, yule uliyeniambia mlimwita Kifaru. Ndani kulikuwa na daftari lake la kazi na picha moja. Wakatuletea sisi. Nilipoliona jina lako kwenye ukurasa wa kwanza nilipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Sikiliza Kifaru alivyoandika: "Kumi na Moja kamaliza mzunguko wa pili wa tangi. Jana kachomelea kwa kushoto, leo kwa kulia. Sijaona mwanamume wa hivyo, sembuse mwanamke. Mshono safi siku zote mbili."

Bibi! Mbona hukuwahi kutuambia? Mkuu wetu amelipenda jambo hilo mpaka amelifanya kichwa cha maelezo yako: Fundi wa Mikono Miwili. Siku ya ufunguzi, tarehe 20 Julai, anataka ushike kishikio cha kuchomelea mbele ya wageni, kwanza kwa kushoto, halafu kwa kulia.

Nimefikiria sana ulivyokuwa ukila na kubadili nguo peke yako kwenye ile stoo ya rangi, mwanamke mmoja kati ya wanaume tisini. Mimi ningeacha kazi wiki ya kwanza.

Nakuletea nakala ya picha. Kinyago kimefunika uso lakini namba 11 inasomeka. Ni wewe, sivyo? Naomba unithibitishie kwa maandishi, kwa sababu maelezo yanakwenda kwa mpiga chapa tarehe 5 Julai.

Kwa Bibi Mdogo, huyo dada wa babu, sijakanyaga.

Mjukuu wako, Kijino.

13 Juni

Kijino,

Umejikamata mwenyewe. Stoo ya rangi! Mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba hii habari za stoo ya rangi. Si baba yako, si mama yako, wala paka. Wale mafundi walishatawanyika zamani; wa karibu waliojua nilikula wapi ni watatu. Babu yako tumemzika. Kifaru kazikwa. Wa tatu ni nani? Anakaa vituo viwili kutoka kwako, na chai yake huwa na sukari nyingi kuliko maji. Kunywa taratibu, utaoza hicho kijino kilichokupa jina.

Nitakueleza kazi yangu ili mkiandika muandike sawa, halafu tumalizane.

Idara ya maji ilitangaza nafasi za mafundi. Sisi tukaenda. Nasema sisi maana foleni ilikuwa ndefu. Kifaru akacheka, akasema juu wametaka mwanamke mmoja wa majaribio, mmoja tu, akishindwa basi habari ya wanawake imekwisha. Akanipa vipande viwili vya chuma na kinyago. Nikaviunga. Akachukua nyundo kubwa, akapiga mahali pa mshono. Chuma kikapinda pembeni, mshono haukuachia. Akapiga tena. Akaniandika namba kumi na moja, akaipaka mwenyewe kwenye kinyago kwa rangi nyeupe. Bado namsikia: "Siku tatu usipoonekana, usirudi."

Hakukuwa na choo cha wanawake wala chumba cha wanawake, ndiyo maana wakanipa stoo ya rangi. Niliingia alfajiri na kitambaa kichwani, nikatoka na kinyago. Wale wanaume waliangalia kila kitu changu isipokuwa uso.

Tangi lile lina mizunguko sita ya mabati mazito. Kila fundi akimaliza mshono wake anagonga namba yake pembeni kwa muhuri wa chuma, ili likivuja ajulikane wa kufungwa. Nenda kahesabu. Kumi na moja zimejaa kama vipele. Siku ya kumaliza nilipewa cheti cha ufundi, kimetundikwa sebuleni tangu baba yako anajifunza kutembea, na wewe mwenyewe uliwahi kukitupia uji.

Mikono miwili, ndiyo. Mtu akichoka mkono mmoja hutumia wa pili. Kuna ajabu gani?

Picha nimeiona.

Huyo mkuu wako mwambie mimi si mcheza sarakasi. Nitakuja nikae kitini, nipigiwe makofi, nirudi kwangu.

Bibi yako.

19 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Stoo ya rangi imo kwenye daftari la Kifaru, ukurasa wa pili. Ameandika kwamba mafundi wa rangi walilalamika kwa sababu ulifunga mlango kwa komeo. Sikuwa nimekwenda kwa Bibi Mdogo. Lakini ulivyonituhumu kwa nguvu namna ile, nilijiuliza kuna nini huko nisichotakiwa kukiona. Kwa hiyo jana nimekwenda. Umenipeleka wewe.

Hakusema kitu, Bibi. Alinipa chai (sukari ni kweli), akauliza magoti yako. Nilipompa picha aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama muda mrefu, mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Halafu akanirudishia akasema, "Alikuwa fundi mzuri, huyo." Nikamuuliza kama ni wewe. Akasema, "Muulize mwenyewe. Atakachosema bibi yako ndicho uandike."

Nilipokuwa natoka niliona nyuma ya mlango wa jikoni kimening'inia kinyago cha kuchomelea. Amekijaza vibanio vya nguo. Rangi imebanduka lakini namba bado inasomeka.

Bibi, mimi nimelelewa jikoni kwako. Tangu nizaliwe sijawahi kukuona ukikata kitunguu kwa mkono wa kulia. Siku ulipoteguka mkono wa kushoto tulikula mkate mkavu siku nne, kwa sababu ulisema mkono wa kulia Mungu alikupa wa kusawazisha mwili tu. Na kwenye picha hii kishikio kiko mkono wa kulia.

Sikushtaki. Ila tarehe 5 inakuja na ni jina langu litakalowekwa chini ya maelezo hayo kwamba niliyahakiki. Niambie kabla mtu mwingine hajaniambia.

Kijino.

22 Juni

Wifi,

Usishangae mwandiko. Ni mimi.

Mara ya mwisho tulikutana msibani kwa kaka yako, tukapeana mikono kama watu wa serikali. Kabla ya hapo sijui. Kwa hiyo sitakusalimia sana, nitakuuliza moja kwa moja: unataka nini?

Mjukuu kaja kwako na picha, ukamwambia alikuwa fundi mzuri. Ukamwambia aniulize mimi. Wifi, nakujua. Ukinyamaza hivyo kuna jambo unalipika. Miaka hamsini umekaa na kinyago changu nyuma ya mlango. Unangoja nini nacho? Unangoja nitundikwe ukutani, wakubwa wakae kwenye viti, halafu uingie nacho katikati ya watu useme na mimi je?

Haya, tuseme sote wawili, kwa kuwa hakuna anayetusikia. Ndiyo, tulikwenda foleni pamoja. Ndiyo, nafasi ilikuwa moja. Ndiyo, nilipojifungua ungekuwa ndio mwisho wangu kazini, na siku ya tatu ukavaa ovaroli yangu, ukaingia stoo ya rangi na kitambaa kichwani, ukatoka na kinyago, na hakuna aliyejua. Nani aliyekufundisha lakini? Nani alikukalisha uani na vipande vya chuma chakavu mpaka ukaacha kutoboa matundu? Mimi, na tumbo la miezi minane! Baadaye tukazoea. Leo wewe, kesho mimi, kaka yako anabembeleza mtoto na kuapa kwamba nyumba yake ina wazimu wawili. Kifaru akaona magamba ya mshono, yanayofuata mkono wa fundi, siku moja yanakwenda huku, siku nyingine yanakwenda kule, akaamua mimi nina mikono miwili ya ajabu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia nilicheka, sikatai.

Halafu cheti. Nilikwambia ubaki nyumbani kwa sababu wangetuona wote wawili tungefukuzwa na kunyang'anywa. Hilo lilikuwa kosa? Kesho yake, kazi nyingine ya idara ikianza, hukuja zamu ya kulea, na kinyago hakipo. Nikanunua kingine kwa pesa zangu. Kama si wivu, kilikuwa nini?

Andika bei yako tumalizane. Mtu hakai kimya hivyo bure.

Mke wa kaka yako.

27 Juni

Wifi,

Anayeandika ni mwalimu jirani yangu. Nimemwapisha kwa jina la mama yake. Ni mimi ninayesema, yeye anafuata tu, na hapa nimemkataza kurekebisha lugha yako wala yangu.

Sina bei. Mwalimu aliposoma hapo kwenye bei nilicheka mpaka akadhani nimepaliwa. Hujabadilika hata kidogo.

Unauliza kwa nini nimetumia mwalimu. Hujauliza, lakini ungeuliza. Sioni, wifi. Naona mwanga wa dirisha, na naona mtu akisimama mbele yake, basi. Mtoto aliponipa ile picha nilijua ni karatasi kwa sababu ilikuwa nyepesi. Niliishika muda mrefu nikingoja aseme mwenyewe kuna nani. Hakusema. Nikaona aibu, nikasema alikuwa fundi mzuri. Yeyote aliyemo, neno hilo lingemtosha.

Kinyago. Wiki mbili za mwisho mtoto wako alikuwa na homa na nilikwenda kazini kila siku, unakumbuka. Kile kioo cheusi kilipata ufa. Ufa mwembamba kama unywele, huuoni mpaka moto uwake. Kifaru alisema vioo vitaletwa mwezi unaofuata. Nikafunga mizunguko miwili ya juu hivyo hivyo, na jioni macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga. Siku uliyokwenda kuchukua cheti nilikaa gizani na kitambaa cha maji usoni. Kesho yake ilikuwa zamu yako. Nilikichukua kinyago usije ukakivaa. Ulikuwa unanyonyesha, na tulikuwa na mtoto mmoja kati yetu. Mwenye macho mazuri alitakiwa awe mama yake.

Nilikuwa nikueleze. Ukaja mlangoni, na kabla sijafungua mdomo umeniita mwizi mbele ya kaka yangu. Nikanyamaza. Kiburi hukupewa wewe peke yako, wifi. Na mimi nilipata fungu langu.

Daktari wa siku hizi anasema ni uzee tu. Labda. Sikukuandikia ili unihurumie, nimekuandikia kwa sababu umeuliza.

Nami nina swali moja. Ile picha ni ya nani? Nakumbuka mpiga picha alikuja siku ya zamu yako, kwa hiyo najua ni wewe, na ndivyo inavyofaa, jina ni lako na cheti ni chako. Ila nataka kusikia tu. Kwa nini, sijui. Mtu akizeeka anauliza mambo.

Wifi yako, wa kulia.

30 Juni

Kijino,

Zuia hayo maelezo. Ondoa mikono miwili. Mwanamke ana mikono miwili kama kila mtu, na mimi wangu mmoja haujui kazi.

Tulikuwa wawili. Mimi wa kushoto, yeye wa kulia, kinyago kimoja, namba moja, jina moja, langu. Baba yako ndiye aliyesababisha kwa kuzaliwa. Mwambie, afurahi. Siku mimi nipo kazini, yeye yuko nyumbani na mtoto, na siku yeye yupo, ni mimi. Miezi kumi na minne. Mizunguko sita. Mizunguko miwili ya juu ni yake peke yake, na aliifunga kwa kioo chenye ufa.

Hakuna kilichovuja, Kijino. Si tangi, si yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nakagua mshono usio na tatizo kwa miaka hamsini.

Halafu wewe! Umekaa na bibi yako mezani, umekunywa chai yake vikombe viwili, hukuona kwamba haoni? Alivyomimina, hukuona kidole ndani ya kikombe akipima? Una digrii ya kuangalia vitu vya kale, na cha kale kimekaa mbele yako kinakumiminia chai. Aibu zako. Zangu pia, lakini za kwako ziko karibu zaidi.

Mwambie mkuu wako tuko wawili. Akitaka kuniondoa ukutani aniondoe, sijapanda huko bado, sitaumia.

Picha ni ya nani, hiyo niachie kwanza.

Bibi yako.

2 Julai

Bibi,

Nimelia kuhusu kidole na kikombe. Nimerudi kwake jana nimemfulia mapazia. Amesema nimeyaanika vibaya, sijui amejuaje.

Kuhusu mkuu: alikasirika. Alisema tukiandika kwamba watu wawili walitumia jina moja, atakuja mwandishi wa gazeti aseme tumetundika matapeli. Alitaka awaondoe nyote wawili na kumweka mwanamke wa kwanza kuendesha treni, ambaye kisa chake hakina maswali. Nilimwambia nami nitaondoka na nyinyi. Akatafakari, nadhani alikumbuka ni mimi peke yangu ninayejua daftari liko kabati gani. Akaja na hili, na amesema ndilo la mwisho: fremu moja, picha moja, jina moja. Jina la aliye kwenye picha. Wa pili atatajwa kwa mstari mmoja chini, kama msaidizi. Kibao cha tangi kitafuata fremu.

Kwa hiyo ni wewe wa kusema, Bibi. Ukisema ni wewe nitaandika wewe. Kifaru hayupo wa kukupinga, Bibi Mdogo hawezi kuona, na mwenyewe anaamini ni wewe. Mkuu hajui kushoto wala kulia, anataka karatasi iwe imefika kwa mpiga chapa.

Mimi sitasema kitu. Ila nimekuona ukikata vitunguu.

Jibu kabla ya tarehe 5. Hii nimelipia iende haraka.

Kijino.

4 Julai

Wifi,

Mwalimu, wewe unayesoma hapo, kwanza funga dirisha. Pili, soma polepole na usiongeze neno lako. Akikwambia usimame, simama. Sikuandika usiku na mchana ili wewe uwahi madarasa.

Wifi, picha iko hapa mezani. Unasema siku ya mpiga picha ilikuwa zamu yangu. Na mimi nilidhani hivyo miaka yote. Nitakueleza kilichomo.

Kuna mwanamke amepiga goti moja juu ya jukwaa la mbao. Ovaroli imekunjwa miguuni mikunjo miwili, maana ilishonewa mwanamume mrefu asiye na nyonga. Kinyago kimeshuka, namba inasomeka. Cheche zinamwagika chini kama mtu kapasua gunia la mchele. Nyuma yake wanaume wanne wamesimama kumtazama. Mmoja ni yule fundi wa rangi aliyelalamikia komeo, mdomo ameuacha wazi, nzi angeingia akazaa. Na huyo mwanamke bega lake limeinuka. Nilikwambia mara mia: shusha bega, utakuja kuumwa shingo uzeeni. Huumwi? Unaumwa. Nilijua.

Kishikio kiko mkono wa kulia.

Ni wewe, wifi.

Niliiona siku ile ile bahasha ilipofika. Nikaificha chini ya godoro, nikaitoa, nikairudisha. Nikamwandikia mtoto "picha nimeiona" kama hakimu. Ulivyoniuliza ni ya nani, nilikaa na swali lako siku nzima, nikasema nikijibu ni mimi, nani duniani atabisha? Hakuna. Hata wewe ungefurahi. Hapo ndipo aibu iliponinyanyua.

Jana nimevunja kanuni yangu, nimempigia mjukuu wetu simu. Nikamtajia jina lako, na la baba yako, na la babu yako, nikamfanya alirudie mara mbili ili aliandike sawasawa. Sauti ikakatika. Nikamuuliza, unalia au ni mtandao? Akasema ni mtandao. Mwongo kama kaka yako. Hilo jina ndilo litakaa ukutani, na ndilo litakaa kwenye shaba. Mimi nitakuwa mstari wa chini, msaidizi. Neno hilo limenikaa kooni kama mfupa, siwezi kukudanganya, lakini nimelimeza.

Usidhani nimelainika. Cheti ni changu na kinabaki sebuleni kwangu. Uliyetoboa matundu uani ni wewe na niliyekufundisha ni mimi. Mkuu wa makumbusho simwamini hata kidogo, ana haraka ya mtu anayeficha kitu. Na mwalimu huyu naye, uangalie, mtu anayekubali kuapishwa haraka hivyo ana umbea. Soma, mwalimu, ndiyo, nakusema wewe. Siku yoyote mtu akitaka kujua ukweli, apande lile tangi asome chuma. Magamba yanayokwenda huku ni yangu, yanayokwenda kule ni yako, na hakuna mpiga chapa anayeweza kuyabadilisha.

Lile neno nililokuita mlangoni mbele ya kaka yako nalirudisha. Halikuwa lako. Nimelibeba muda mrefu na magoti yangu yenyewe ndiyo haya.

Tarehe 20 asubuhi nakuja kukuchukua. Vaa lile gauni la heshima, usiniaibishe. Utanishika mkono wa kushoto, ndio wenye nguvu. Tukifika mbele ya picha nitakusomea kilichoandikwa neno kwa neno, na wakikosea jina lako hata herufi moja, huo ukumbi utanijua.

Vile vibanio vya nguo vitoe humo ndani. Ninakuja na kikapu cha kuviwekea. Kinyago tunakwenda nacho.

Wifi yako, wa kushoto.